Mpangaji wa Ghorofa ya Saba

Saa mbili kasorobo asubuhi, foleni ya kuingia kwenye lile jengo refu la ofisi ilikuwa imeshavuka mlango wa kioo, imeteremka ngazi na kufika barabarani, na aliyeikwamisha alikuwa mtu mmoja na chupa yake. Chupa yenyewe ilikuwa ya lita tano, imejaa maji ya kijani kama majani yaliyopondwa, na mwenyewe ameikumbatia kifuani kama mzazi anayepeleka kichanga kliniki. Alikuwa mkemia wa taasisi ya utafiti iliyo upande wa pili wa mji, kijana wa miaka thelathini na miwili, mrefu, mwembamba, miwani imemteleza puani. Shati lake jeupe dada yake alikuwa amelipiga pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate.

"Nini hii?" mlinzi aliuliza, akiigonga chupa kwa kalamu.

"Mwani, afande. Mimea midogo ya majini. Tunaikuza, tunaikausha, halafu tunaikamua mafuta ya kuendeshea magari."

"Mafuta hayaingii humu. Soma kibao."

"Bado hayajawa mafuta. Kwa sasa ni maji tu."

"Aa, ni maji?" Mlinzi akaegemea meza. "Basi kunywa kidogo tuone."

Foleni ikaangua kicheko. Mkemia akaitazama chupa, akamtazama mlinzi, na kwa jinsi alivyokuwa na hamu ya kuwahisha maombi yake ya fedha za utafiti, akaanza kweli kufungua kizibo.

"Jamani, afande!" Sauti ya mwanamke ilitoka nyuma yake. "Akinywa akaanguka hapa, sote tutaandika maelezo mpaka jioni, na mimi nina kikao saa mbili. Mwache apite. Anakuja kwetu, ghorofa ya saba."

Mkemia akageuka. Aliyesema alivaa gauni la rangi ya papai bivu lililomkaa kama limeshonewa mwilini, mkoba begani, viatu vya visigino virefu mkononi na ndala miguuni. Alikuwa ametembea haraka. Jasho jembamba lilimng'aa juu ya mdomo. Mkemia alisahau kizibo. Maji ya kijani yakamdondokea kwenye kiatu, wala hakuhisi.

Kwenye lifti walisongamana watu kumi na mmoja na chupa moja. Yule mwanamke aliinama akabadilisha viatu, akimshika Mkemia bega bila kumwomba ruhusa.

"Nashukuru, umeniokoa," Mkemia alisema.

"Sijakuokoa wewe. Nimekiokoa kikao changu."

"Unafanya kazi gani humu?"

"Mimi ni mpangaji."

"Kumbe humu wanapangisha vyumba?"

Lifti nzima ikacheka, na mwenyewe akacheka kuliko wote. "Sipangi chumba, kaka. Napanga mipango. Nchi ikitaka kujua utafiti wa mafuta ya mimea uwekezewe nini kwa miaka kumi, uanze na lipi na lipi lisubiri, mimi ndiye ninayekaa chini na kalamu."

Mkemia hakuwa mtu wa maneno. Dada yake alikuwa akisema ulimi wake umefungwa na waya. Lakini asubuhi ile waya ulikatika. "Basi siku ukiichoka ghorofa ya saba, kuna chumba kitupu hapa," akagusa kifua kwa kidevu, maana mikono ilikuwa na chupa. "Kodi bure."

"Kina madirisha?"

"Mawili. Ila yanavaa miwani."

Mzee mmoja mwenye suti akakohoa. Mlango ukafunguka. Mpangaji akatoka akitabasamu, akafika katikati ya korido, akageuka. "Usinipe namba yako," alisema. "Nimeshaisoma. Umeibandika kwenye chupa."

Jumatatu hiyo simu haikulia. Jumanne haikulia. Jumatano mchana, Mkemia akiwa ameinamia hadubini, ikalia.

"Hapo ni kwa mwenye nyumba?"

Mkemia aligonga paji la uso kwenye hadubini. "Ndipo. Karibu."

"Nataka kuja kukikagua hicho chumba. Lakini nina sharti. Maombi yako, kazi yangu, mpango wa miaka kumi, hayo yote tusiyalete kati yetu. Ukiyaleta naondoka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema hivyo. Unakubali au hukubali?"

"Mama, hata ungesema nisipumue ningekubali."

"Pumua," alisema. "Nakutaka ukiwa hai."

Basi wakaanza. Walikunywa chai kwenye vibanda vya nyuma ya maktaba, wakagombania kipande cha mwisho cha keki. Walitembea jioni kwenye barabara ya maduka ya vitambaa, Mpangaji akishika kila jora na kuuliza bei bila kununua. Alikuwa na tabia ya kuhesabu ngazi anapopanda, na ya kulala usingizi mzito kwenye viti vya sinema. Mkemia akajifunza kukaa saa mbili bila kusogeza bega. Alimwita Mpangaji, naye Mpangaji akamwita laazizi, na mara ya kwanza alipomwita hivyo mbele za watu, Mkemia alilipia chai mara mbili.

Mwezi wa pili wa mapenzi yao, Mkemia alimpeleka kwa dada yake, fundi cherehani, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Dada alimpokea mgeni na futi ya kupimia shingoni. Kabla hajamkaribisha kiti alishamzungushia kiunoni.

"Dada, mwache akae kwanza!"

"Nyamaza wewe. Mtu unamjua kwa vipimo." Akaandika namba kwenye daftari. "Mwanangu, huyu mdogo wangu anajua kuhesabu vidudu visivyoonekana, lakini mtu akiwa mbele yake hamwoni. Ukimpenda itabidi uwe unapiga kelele."

"Nina sauti, dada," Mpangaji alijibu. "Aulizwe mlinzi wetu."

Kumbe sharti ni rahisi kulikubali kuliko kulishika. Jumamosi moja alasiri Mpangaji alimfuata Mkemia maabara. Alimkuta ameketi sakafuni, mgongo kwenye jiko kubwa la kukaushia mwani, koti jeupe limejaa madoa ya kijani, macho mekundu.

"Laazizi, una nini?"

"Jiko hili," alisema, na maneno yakamwagika kabla hajayazuia. "Miaka mitano nawaambia watu mwani utawasha magari. Mwani unakua vizuri, mafuta yapo. Lakini kuukausha! Nikipiga hesabu kichwani naona kama jiko linakula nishati kubwa kuliko tunayopata. Nimeomba fedha za kuchimba bwawa la ekari arobaini, na nina jiko linalokula..."

Mpangaji alikuwa ameziba masikio kwa viganja. "Usiniambie! Sharti langu umelisahau?"

"Nimwambie nani basi?"

Akaketi sakafuni kando yake na lile gauni lake safi, akamfuta doa shavuni kwa kidole. "Niambie umechoka. Hilo nitalisikia. Mengine sijayasikia."

Wakakaa pale mpaka jua likahama dirishani, na habari ya jiko haikutajwa tena.

Wiki sita baadaye barua ilifika taasisi. Mkurugenzi aliileta mwenyewe, akaiweka juu ya meza ya Mkemia, akaondoka. Mkemia alisoma mistari minne. Bwawa la ekari arobaini halitagharimiwa kwa sasa. Sababu: *ukaushaji wa mwani unatumia nishati kubwa kuliko ile inayopatikana kwenye mafuta*. Ukurasa wa pili hakuugusa. Masikio yake yalikuwa yanavuma. Maneno yale yale. Aliyatamka mara moja tu, Jumamosi ile, mbele ya mtu mmoja tu.

Akapiga simu.

"Laazizi," Mpangaji aliitikia, "umekula?"

"Nimeletewa barua."

"Hilo siwezi kulizungumza."

"Ukaushaji unakula nishati. Umeandika wewe?"

"Nimekwambia siwezi kulizungumza. Subiri mkutano wa wadau, ripoti itasomwa yote."

"Niliyasema kwa masikio mawili tu duniani! Nilikuwa nimekaa chini, nimechoka, nikakufungulia moyo. Kumbe mwenzangu unachukua maelezo!"

Mkemia alisikia upande wa pili wa simu mashine ya kuchapa ikilia, mtu akiita jina la mtu, mlango ukifungwa. Sauti ya Mpangaji ilipokuja ilikuwa ndogo na nyoofu.

"Unaniuliza, au umeshanihukumu?"

"Nijibu tu, ndiyo au hapana."

"Ungetaka jibu usingenipigia kwa sauti hiyo. Kwaheri, Mkemia."

Alimwita Mkemia. Tangu siku walipoanza hakuwahi kumwita kwa kazi yake.

Siku tatu Mkemia alikula hasira. Ya nne hasira ikaisha, njaa ikabaki. Vijana wake wawili wa maabara, waliokuwa na mikataba ya kuisha mwisho wa mwaka, walifanya kazi wakinong'ona kama watu walio msibani. Alipiga simu ya Mpangaji mara mbili, haikupokelewa. Mara ya tatu aliikata mwenyewe kabla haijaita. Jioni alikuwa akiketi kwenye chumba cha kushonea cha dada yake, akiokota pini sakafuni bila kutumwa.

"Haya, leo wiki ya tatu," dada alisema, akikata uzi kwa meno. "Ulimuuliza au ulimsuta?"

"Nilimuuliza."

"Kwa sauti gani?"

Mkemia akaokota pini nyingine.

"Sauti ya baba ulipovunja taa, naijua. Unayo. Mdogo wangu, ungemkuta mwizi ndani, ungemuuliza kwa upole kwanza ana shida gani. Mwenzio uliyemvulia moyo, ukampiga na swali kama jiwe." Akalitupa gauni la mteja mezani. "Huyo msichana nimempima. Ana mabega yaliyonyooka. Mtu mwenye siri mbaya huinama."

"Dada, watu hawapimwi kwa mabega."

"Na wewe umempimia nini? Mistari minne ya barua?"

Siku ya mkutano wa wadau Mkemia alikwenda kwa sababu mkurugenzi alimlazimisha. Ukumbi ulikuwa kwenye jengo lile lile, ghorofa ya tisa: viti mia mbili, vimejaa. Walikuwepo wakulima wa miwa waliotaka mabaki ya miwa yatangulizwe, wenye mashine za kukamua mbegu, walimu wa vyuo, waandishi wa habari. Mpangaji alikuwa mbele, karibu na projekta. Suti ya buluu iliyokolea, nywele amezibana nyuma, hakuna hereni. Alikuwa amekonda. Macho yao yalikutana, akayahamishia kwenye karatasi zake.

Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwa mnyororo shingoni, na aliongoza kikao kama mtu anayepika akiwa na wageni mlangoni. "Kabla ya yote," alisema, "kanuni inanitaka nitaje waliojitoa kwenye tathmini yoyote kwa sababu ya mgongano wa maslahi. Mwaka jana tulitaja idadi tu, mkatulaumu kwamba tunaficha. Mwaka huu nasoma tarehe na sababu, kama zilivyoandikwa. Yuko mmoja."

Mpangaji aliinua kichwa ghafla. Karatasi moja ikamponyoka.

"Mpangaji mkuu wa mpango huu," mwenyekiti alisoma, "alijitoa kwenye maombi ya mwani ya taasisi ya utafiti. Hakuona faili, hakuingia kikao chochote kilichoyajadili. Tarehe..." Akavaa miwani. "Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, Jumanne. Sababu: *Jana nilikutana na mwombaji kwenye lifti. Hajaniambia lolote la maana na mimi sijamwambia lolote. Lakini nimelala nikimfikiria na nimeamka nikimfikiria, na sidhani kama naweza tena kuipima kazi yake bila upendeleo. Naomba faili hili apewe mwingine.*"

Ukumbi ukalipuka. Wakulima wa miwa walipiga makofi, mtu mmoja akapiga mluzi. Mwenyekiti akagonga meza. "Nimesoma kama ilivyoandikwa," alisema, na mdomo wake ulikuwa unapambana na tabasamu. Mpangaji alikuwa ameficha uso kwa mikono miwili. Alisimama, akapita kando ya ukuta, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mkemia aliganda. Jumanne! Siku ile yeye alikuwa ameketi anaitazama simu, anajiambia mwanamke yule ameshamsahau. Kumbe mwanamke huyo alikuwa ameketi mezani na kalamu, anaiweka kazi yake kando kwa ajili ya mtu asiyejua hata jina lake.

Mkuu wa wakaguzi alikuwa ameanza kusoma tathmini ya mwani. "Mwombaji alituletea vipimo vya umeme wa jiko vya miezi kumi na minane, kila siku, bila kuficha hata kimoja. Hakuvijumlisha. Sisi tulivijumlisha." Kwenye ukuta ikatokea jedwali, na Mkemia akaufahamu mwandiko wa takwimu zake mwenyewe. "Ndiyo maana bwawa lisubiri. Kama ukurasa wa pili wa barua yetu unavyoeleza, tunapendekeza mwani upate fedha za maabara kwa miaka miwili, kwa kazi moja: kutafuta njia nafuu ya kuukausha. Ikifanikiwa, ndipo tuchimbe. Mwombaji yupo? Ana la kusema?"

Mkemia akasimama.

"Hesabu ni sahihi," alisema kwenye kipaza sauti. "Nilikuwa nayo mbele yangu mwaka mzima na nusu, nikaogopa kuijumlisha. Ukurasa wa pili sikuusoma. Miaka miwili inatutosha, na vijana wangu wawili watabaki kazini. Naikubali hatua ya kwanza. Na sasa, mwenyekiti, naomba ruhusa nitoke."

"Toka, baba," alisema mwenyekiti. "Ngazi za dharura, upande wa kushoto."

Alimkuta ameketi kati ya ghorofa ya nane na ya saba, viatu amevivua, kichwa kimeegemea reli. Hakugeuka.

"Wamesoma," alisema. "Miaka yote wanataja idadi tu. Ningejua ningeandika 'sababu binafsi'."

Mkemia akaketi ngazi moja chini yake. "Nimekukosea."

"Sana."

"Sina cha kujitetea."

"Usijitetee. Nisikilize." Akamgeukia; kope zilikuwa na maji. "Siku ile uliponipigia nilikwenda stoo ya karatasi nikalia mpaka mhudumu akaja kuniuliza kama nimefiwa. Ningeweza kukwambia neno moja tu, kwamba faili lako sijawahi kuliona. Kanuni ingenisamehe. Lakini nikajiambia, mtu aliyeketi na mimi sakafuni, nikaziba masikio mbele yake, bado anaona naweza kumuuza? Basi na akae na barua yake."

"Na kabla ya hapo? Kwa nini hukuniambia ulijitoa?"

"Ningekwambiaje?" Akacheka huku anafuta pua kwa kiganja. "'Kaka wa lifti, nimekuandika kwenye fomu ya serikali kabla hujanijua?' Ungekimbia."

"Nisingekimbia."

"Ungekunywa ile chupa."

Wakacheka wote wawili, kicheko kibovu cha watu waliolia. Kikaisha. Mpangaji akamshika kola ya shati, akaivuta kidogo ili amwangalie vizuri.

"Sikiliza. Shaka itakuja tena, sisi ni binadamu. Ikija, njoo kwangu uniulize kama mtu anayetaka jibu. Ukirudia ile sauti, mimi na wewe basi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mpenzi wangu. Nina swali sasa hivi."

"La sauti gani?"

"Hii hii." Waya wa ulimi ulikuwa umerudi. "Naomba... nataka kukuuliza... utanioa?"

Mpangaji akamtazama. "Nini?"

"Utanioa? Yaani, niolewe. Hapana! Nikuoe. Nauliza kama utakubali wewe... mimi..."

Mpangaji alicheka mpaka akashika reli ili asiteleze ngazi. Mkemia alibaki ameketi, masikio yanamwaka moto, miwani imefunikwa na ukungu, asijue kama amekubaliwa au amekataliwa. Kicheko kilipotulia, Mpangaji alimvua miwani taratibu, akaifuta kwa ncha ya suti yake, akamrudishia usoni.

"Nikuoe au unioe, jibu langu ni moja," alisema. "Ndiyo."

Mlango wa juu ukafunguka, mwenyekiti akachungulia. "Mwanangu, watu mia mbili wanakusubiri. Mpango hautajisoma wenyewe."

Mpangaji akavaa viatu, akajinyoosha suti, akapanda. Mkemia akamfuata nyuma, akaketi kiti cha mwisho karibu na mlango. Saa mbili nzima mchumba wake alisimama mbele ya ukuta wenye mwanga akieleza miaka kumi: mabaki ya miwa yaanze, mbegu zifuate, mwani upewe muda wa kukomaa; nani apewe nini, na kwa nini asubiri anayesubiri. Wakulima walimbishia, akawajibu mmoja mmoja. Mkemia hakuwa amewahi kumsikia akifanya kazi yake. Mkulima aliyeketi kando yake akamgusa kiwiko, akamnong'oneza kwamba yule dada ana kichwa.

"Anacho," Mkemia alijibu, na hakumwondolea macho mpaka alipomaliza.